Jina la Kariakoo na Haki za Wapagazi Waliosahauliwa

Tunaomba ruhusa ya msomaji tuanze makala hii mbali kidogo na mtaa tunaokusudia kuuzungumzia. Tunaanzia Karatu, kwa sababu swali lenyewe tuliulizwa huko.

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Waislamu wa Karatu si wengi ukilinganisha na watu wa pwani, lakini darsa zao zina wasikilizaji makini. Mmoja wa wanafunzi, kijana ambaye baba yake hulima vitunguu Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, alikuwa amerudi karibuni kutoka Dar es Salaam, alikosindikiza mzigo wa baba yake. Akasema: "Sheikh, nimekaa Kariakoo siku nne. Kila upande unaogeuka unasikia adhana. Lakini nimemuuliza kila mtu maana ya jina lile, hakuna aliyenipa jibu la kueleweka. Je, si bora Waislamu wa pale wakaubadilisha mtaa wao wakaupa jina zuri lenye maana?"

Tunamwelewa kijana yule kwa nini lilimshangaza. Yeye ametoka katika nchi ambayo majina yake yanasomeka. Mlima Oldeani uliitwa hivyo na Wamasai kwa ajili ya mianzi yake. Manyara limetokana na mmea ambao Wamasai huuita emanyara na huupanda kuwa ua wa boma. Lerai, ule msitu ulio ndani ya bonde la Ngorongoro, ni jina la migunga yenye magome ya manjano. Mto wa Mbu hauhitaji mfasiri. Aliyewahi kulala pale bila chandarua anaujua vizuri. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ndugu wawili wa Kijerumani, akina Siedentopf, waliweka mashamba ndani ya bonde la Ngorongoro wakajenga na kufuga humo. Vita ikawaondoa, na bonde halikushika jina lao. Mwenye kukulia katika nchi ya namna hii huzoea kwamba jina la mahali ni habari ya mahali hapo, na akikuta jina ambalo wenyewe hawawezi kulieleza, huona kuna kasoro.

Jibu tulilompa siku ile lilikuwa fupi, na sisi wenyewe halikututosheleza. Tulimwambia kuwa jina limetokana na wapagazi wa vita. Akauliza tena swali moja: "Na ujira wao walilipwa?" Hapo tukanyamaza. Makala hii ni jibu tulilopaswa kumpa.

Kambi iliyogeuka mtaa

Wasomaji wengi wanajua kwamba Dar es Salaam ni mji mchanga. Katika miaka ya 1860 Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, aliichagua bandari ile iliyo karibu na kijiji cha Mzizima, akaanza kujenga, na mji ukapata jina la amani tunalolijua. Alifariki mwaka 1870 kabla ya kuumaliza. Wajerumani walipofika waliufanya makao makuu ya utawala wao mwaka 1891, na tangu hapo mji ukaanza kupanuka na kugawanywa: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati ya biashara, na Waafrika wakisukumwa nyuma kila ardhi ilipopanda thamani. Mwishoni mwa utawala wao, katika miaka ya karibu na 1914, serikali ya Kijerumani ilinunua shamba kubwa lililokuwa magharibi ya mji, mali ya kampuni ya Schoeller, kwa nia ya kuwahamishia Waafrika huko. Wakapima mitaa iliyonyooka inayokatana, na wakasimamisha jengo kubwa la wazi lenye paa, mahali palipo soko hivi leo. Hawakupata muda wa kulitumia. Agosti 1914 vita ikaanza.

Tarehe 4 Septemba 1916 Waingereza waliingia Dar es Salaam. Walikuta bandari, reli ambayo madaraja yake yalikuwa yamevunjwa na Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma, na kando ya mji kiwanja kikubwa kilichopimwa kisicho na wenyeji wengi. Jeshi lilihitaji mahali pa kuwaweka watu wake wa mizigo, na kiwanja kile kikawa kambi yao. Idara iliyosimamia watu hao iliundwa Nairobi mwaka 1914 chini ya Oscar Watkins, na kwa Kiingereza iliitwa Carrier Corps. Neno la pili katika jina hilo hutamkwa "ko" au "kor", herufi zake za mwisho zikiachwa. Watu wa Dar es Salaam wakalitia katika ndimi zao likawa Kariakoo. Wale wa Nairobi, ambako kulikuwa na kambi ya namna hiyo hiyo, wakalibakisha Kariokor. Ni neno moja katika miji miwili, na Unguja nako kuna Kariakoo, ambako leo watoto huenda kucheza siku za Idi.

Basi hiyo ndiyo maana ya neno: jeshi la wabeba mizigo. Lakini kujua maana ya neno hakutoshi ikiwa hatujui mizigo ilikuwa ya nani na waliobeba walifika wapi.

Vita vile katika ardhi yetu havikupiganwa kama vya Ulaya, katika mahandaki yasiyosogea. Jenerali wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, aliamua kuwachosha Waingereza kwa kuwatembeza, na akawatembeza kutoka Kilimanjaro hadi Rufiji, kutoka Rufiji hadi Ruvuma, akaingia Msumbiji, akarudi, na hakuweka silaha chini hadi tarehe 25 Novemba 1918, akiwa katika nchi ambayo leo ni Zambia. Ng'ombe, farasi na punda waliopelekwa kukokota mizigo walikufa kwa mbung'o. Magari yalikwama katika matope. Kilichobaki ni kichwa cha mwanadamu. Kila risasi, kila gunia la unga, kila sanduku la dawa na kila chupa ya afisa ilifika mbele kwa sababu mtu aliibeba, mzigo wa takriban kilo 25, siku baada ya siku.

Watu hao walitolewa kila upande: Wakikuyu, Wakamba na Wajaluo kutoka Kenya, Waganda, na baada ya 1916 Wanyamwezi, Wasukuma, Wazaramo na watu wengine wa Tanganyika iliyokuwa imetekwa. Mwanzoni wako waliojiandikisha kwa hiari kwa ajili ya mshahara. Baadaye, na hasa mwaka 1917, walikusanywa kwa nguvu. Machifu waliambiwa watoe idadi kadhaa, na kijiji kilichochelewa kilifuatwa usiku. Wajerumani nao walifanya hivyo hivyo, na kwa upande wao hata daftari la majina ni nadra kuonekana. Inakadiriwa kuwa upande wa Waingereza, Wabelgiji na Wareno peke yake watu wapatao milioni moja walipitia kazi hii. Tusisahau pia kwamba Waislamu walikuwa pande zote mbili. Mwaka 1914 Sultani wa Uturuki, mshirika wa Wajerumani, alitangaza jihadi dhidi ya Waingereza, lakini Mwislamu wa Tabora au wa Mombasa aliyefungwa kamba akapelekwa kambini hakuulizwa anaiunga mkono jihadi ya nani.

Hesabu rasmi ya Waingereza inakiri vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000. Watafiti waliochunguza kumbukumbu kwa makini wanaona idadi ya kweli inakaribia 100,000. Wachache kati yao waliuawa na risasi. Wengi walikufa kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Waliozoea ndizi au mtama walipewa unga wa mahindi bila muda wa kuupika ukaiva, nao ukawakata matumbo. Waliotoka nchi za baridi walilala katika mvua za Rufiji bila nguo za kutosha. Nyuma yao, katika vijiji vilivyonyang'anywa vijana, chakula na mifugo, ikaja njaa. Wagogo wanaikumbuka ile ya 1917 hadi 1920 kwa jina la Mtunya, na inakadiriwa iliua watu 30,000. Halafu mwaka 1918 ikaingia homa ya mafua iliyoenea dunia nzima.

Miji iliyozaliwa na majeshi

Hapa tunarejea kwenye pendekezo la kijana wa Mang'ola, kwamba jina libadilishwe. Pendekezo lake si la kupuuzwa, kwa sababu lina asili katika Sunna. Mtume (s.a.w.) alikuwa akipenda majina mazuri na akiyabadilisha mabaya. Yathrib ikawa Madina. Abu Daud ametaja kuwa ardhi iliyokuwa ikiitwa kwa jina la ukame aliipa jina la ukijani, na njia ya mlimani iliyoitwa ya upotevu akaiita ya uongofu. Lakini tukitazama vizuri tutaona kuwa majina aliyoyabadilisha ni yale yaliyobeba maana mbaya: shirki, laana, upotevu, kukata tamaa. Badr, Uhud na Hunayn aliyaacha kama alivyoyakuta, ingawa yalitamkwa na Waarabu wa zama za ujahili kabla ya Uislamu. Na Badr na Hunayn yametajwa katika Qur'ani Tukufu kwa majina hayo hayo.

Tena, mtaa kuzaliwa na kambi ya jeshi si jambo geni katika historia yetu. Basra na Kufa zilianza kuwa kambi katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (r.a.). Kufa ilipangwa na Saad bin Abi Waqqas (r.a.) mwaka 17 Hijria, kila kabila likapewa eneo lake, na maeneo hayo ndiyo yakawa mitaa. Mji wa kwanza wa Waislamu katika Misri, ulioanzishwa na Amr bin al-As (r.a.), uliitwa Fustat, na wanahistoria wengi wanasema maana yake ni hema. Husimuliwa kwamba njiwa alitaga katika hema la Amr alipotaka kuondoka kwenda Iskandaria, naye akaamuru hema lisivunjwe, na watu walipouliza wakutane wapi wakasema: hemani. Masahaba wakaishi katika mji unaoitwa Hema wala hawakuona haja ya kuupa jina tukufu zaidi.

Kwa hiyo Kariakoo ina ndugu zake. Isipokuwa kuna tofauti moja inayouma. Fustat ilikumbuka hema la kamanda, na khitta za Kufa zilikumbuka makabila ya wapiganaji, ambao majina yao yamehifadhiwa katika vitabu vya tabaka. Kariakoo imekumbuka watu wa chini kabisa katika jeshi, ambao hawakuandikwa popote.

Angalia ilivyokuwa katika sehemu nyingine za mji huo huo. Mwaka 1927 Waingereza walisimamisha sanamu ya askari katikati ya Dar es Salaam, mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani Wissmann. Maandishi ya chini yanawataja wapagazi, lakini anayeonekana ni askari peke yake na bunduki yake. Huko Nairobi mpagazi alipata angalau kusimama pembeni ya askari. Mitaa ya Kariakoo yenyewe ilipopewa majina, mmoja uliitwa Livingstone. Huyu ni yule aliyefariki mwaka 1873 mbali sana barani, na maiti yake ikabebwa na watu wake, wakiwemo Chuma na Susi, miezi mingi ya kutembea mpaka Bagamoyo. Aliyebebwa akapata mtaa; waliombeba hawakupata. Hatusemi hivi kwa chuki, bali tunaonyesha jinsi majina yanavyogawiwa na wenye kalamu. Lakini jina la eneo zima halikugawiwa na mwenye kalamu. Lilitokana na midomo ya wakazi, waliosema "nakwenda Kariakoo" kwa sababu huko ndiko wapagazi walikokuwa. Kulifuta ni kumaliza kazi ambayo watawala waliianza.

Nao waliianza kweli. Tume ya Makaburi ya Vita ya Waingereza iliundwa mwaka 1917 kwa ahadi kwamba kila aliyekufa atakumbukwa kwa jina lake bila kujali cheo. Baada ya vita ilipoulizwa itawafanyia nini wapagazi, kumbukumbu za tume hiyo zinaonyesha kwamba Gavana wa Tanganyika, Sir Horace Byatt, alikuwa na maoni kuwa makaburi makubwa ya wapagazi ya Dar es Salaam na kwingineko yaachwe yarudi kuwa pori haraka iwezekanavyo, na hakutaka kuitazama hesabu ya roho zilizopotea. Makaburi yakaachwa. Ilichukua karibu miaka mia moja: Aprili 2021 tume hiyo ilitoa ripoti na kuomba radhi, ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliotumikia dola ya Uingereza katika vita ile, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Ujira, mke na mirathi

Sasa tuje kwenye swali la pili la kijana, ambalo ndilo zito.

Sote tumesoma hadithi iliyopokewa na Ibn Majah inayoagiza mtu wa kazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Na katika Sahih Bukhari imo hadithi qudsi kwamba Mwenyezi Mungu Siku ya Kiyama atakuwa mgomvi wa watu watatu, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Wala maneno hayo hayakumhusu mwajiriwa Mwislamu peke yake. Wapagazi wengi hawakuwa Waislamu, na haki ya ujira haimuulizi mtu dini yake.

Je, walilipwa? Walioishi na kurudi walilipwa rupia zao chache. Waliokufa au kupotea walikuwa na mishahara iliyobaki, na sehemu kubwa ya fedha hizo haikuwafikia wenyewe. Majina yalikuwa yameandikwa vibaya, vijiji havikujulikana, na warithi hawakuambiwa kwamba kuna cha kudai. Baada ya vita barua zilikwenda na kurudi kwa miaka mingi kati ya serikali za makoloni na London juu ya mishahara hiyo isiyodaiwa, na mwisho wake haukuwa wa kuwafurahisha wajane. Fikihi inalitazama jambo hili kwa uwazi: deni haliondoki kwa kupita miaka wala kwa kufa mwenye kudai, bali huhamia kwa warithi wake. Ikiwa warithi hawajulikani baada ya kutafutwa kwa juhudi, mali hiyo huingia katika maslahi ya watu wote au hutolewa sadaka kwa niaba ya mwenyewe. Haibaki kuwa faida ya aliyekuwa akidaiwa. Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa. Hatujui dawa nyingine.

Lakini tunavyoona sisi, fedha hazikuwa jambo gumu kuliko yote. Gumu zaidi lilikuwa la mke aliyebaki. Mwanamume amechukuliwa mwaka 1917, vita imekwisha 1918, na hakuna barua, hakuna shahidi, hakuna kaburi. Mwanamke huyu ana mume au hana? Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu kilichosomeshwa pwani yetu yote, kauli mpya ya Imamu Shafii ni kwamba mke wa mtu aliyetoweka habari zake haolewi mpaka ipatikane yakini ya kufa kwake au talaka. Kauli ya zamani ni kwamba hungoja miaka minne, kisha hukaa eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi, ndipo aolewe. Hiyo ya miaka minne imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar (r.a.) katika Muwatta ya Imamu Malik, na Wamaliki wameishika. Na mali ya mtu huyo haigawanywi mpaka uthibitike ushahidi wa kifo chake, au upite muda ambao kwa kawaida mtu hawezi kuishi zaidi ya huo, naye kadhi ahukumu.

Ukiisoma milango hiyo darasani unaona ni mas'ala ya vitabuni. Ukiisoma huku ukikumbuka hesabu ya wapagazi, unaona makumi ya maelfu ya nyumba. Serikali iliyokuwa na uwezo wa kuhesabu magunia ya unga ingeweza kuhesabu watu pia, na karatasi moja yenye jina la marehemu na siku ya kufa kwake ingetosha kumfungua mwanamke mmoja na kuwapa watoto shamba la baba yao. Kwa hiyo kuliacha jina la maiti lipotee halikuwa kosa la heshima tu, kama ile ripoti ya 2021 inavyolielezea. Katika macho ya sharia ni kuzuia eda isianze na mirathi isigawanywe. Hili hatukuliona likiandikwa na wanahistoria wa vita ile, na tunadhani ni kwa sababu hawakutazama kutoka upande wa kadhi.

Wako waliotuuliza kama inafaa Waislamu wa Kariakoo wawasalie leo sala ya jeneza kwa ghaibu. Mtume (s.a.w.) alimsalia Najashi hali ya kuwa amefia Uhabeshi, na hadithi yake imo katika Bukhari na Muslim. Mabwana wa Kihanafi na Kimaliki wanaliona hilo kuwa mahususi kwa Mtume, na Mashafii wanairuhusu kwa maiti aliye mji mwingine. Lakini kauli yenye nguvu kwa Mashafii inaweka sharti kwamba anayesali awe alikuwa miongoni mwa waliopasiwa na sala hiyo siku alipokufa maiti. Hakuna aliye hai leo aliyekuwa baleghe mwaka 1917. Kinachobaki kwetu ni dua na sadaka kwa wale waliokufa katika Uislamu, na hiyo haina mpaka wa miaka.

Mtaa baada ya kambi

Wapagazi walipoondoka, kiwanja kikarudi kwenye mpango wa zamani. Lile jengo la Wajerumani likawa soko katika miaka ya 1920, nyumba za vyumba sita zikajaa katika mitaa iliyonyooka, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukabakizwa wazi kuitenganisha Kariakoo na Uhindini. Majina ya mitaa yanaeleza waliokuja: Nyamwezi, Sukuma, Gogo, Kongo, Swahili, Pemba, Mafia. Watu wa Manyema walijenga msikiti unaoitwa kwa jina lao mpaka leo, na Msikiti wa Mtoro nao haumpotei mgeni. Mwaka 1929 ikaundwa African Association, na mwaka 1933 Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, iliyofungua shule kwa watoto wa Kiislamu. Katika zote mbili alikuwemo Mzee Kleist Sykes, ambaye mwenyewe alipigana vita ile akiwa upande wa Wajerumani. Mtaa wa Kipata ulikuja kupewa jina lake. New Street, ilikozaliwa TANU tarehe 7 Julai 1954, ikawa Lumumba, na Kichwele ikawa Uhuru. Mitaa midogo imebadilishwa majina mara nyingi, na hatujasikia mtu akilalamika. Soko jipya lililosanifiwa na Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975. Likaungua Julai 2021. Novemba 2024 ghorofa moja lilianguka katika mtaa huo likaua watu, Mwenyezi Mungu awarehemu waliokuwa waumini kati yao na awape subira wote waliofiwa. Nyumba za vyumba sita karibu zote zimekwisha. Jina la Kariakoo limebaki.

Kwa hiyo jibu letu kwa kijana wa Mang'ola ni hili. Jina lisibadilishwe, kwa kuwa halina maana mbaya kisharia, na kwa kuwa kwa wengi wa wale wapagazi ndilo peke yake lililo mahali pa jiwe la kaburi. Ama ujira wao, wengi hawakulipwa, na aliyekuwa akidaiwa angali anadaiwa.

Tuna ombi moja kwa maimamu na walimu wa madrasa, wa Kariakoo na wa Karatu pia, maana jeshi lile lilipita Moshi na Arusha mwaka 1916 likielekea Kondoa, na lilichukua watu kila lilipopita. Wazee wetu walikuwa na desturi ya kuandika vizazi na vifo katika kurasa za mwanzo za msahafu wa nyumba. Ikiwa kuna familia inayosimulia kwamba babu alikwenda Kariakoo asirudi, wasaidieni waandike humo wanachokijua: jina lake, jina la baba yake, kijiji alichotoka, na mwaka alioondoka.